Nzuri, ila

Wiki nne za mwanzo nilimdanganya mnasihi wangu, yaani mshauri wangu wa mambo ya kichwa na moyo, na sikujua kama namdanganya. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nilipiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa kwenye kochi la kijani chini ya pangaboi, akaniuliza, "Habari za tangu tuachane?" Nami nikajibu, "Nzuri." Hapo nimeshalipa shilingi 60,000. Nimeshapanda basi la mwendokasi kutoka Kimara mpaka Morocco, na bajaji juu yake. Miezi mitano sijapata usingizi wa kueleweka. Nikajibu nzuri.

Kwetu Korogwe nzuri ni adabu. Hata mwenye msiba huanza nayo. Simu inaita saa kumi alfajiri, unajua kabisa kwamba saa hiyo hakuna anayepiga kwa heri, bado unauliza habari za huko, na wa upande wa pili anakujibu, "Nzuri, ila." Baada ya hiyo ila ndipo linakuja lenyewe: baba kaanguka, mtoto kalazwa, upepo umeezua jiko. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto watano. Nina miaka kumi Dar es Salaam, nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kila ila iliyosafiri kutoka nyumbani ilifika kwenye simu yangu ikiwa na bei yake. Sikumbuki hata siku moja niliyokuwa na ila ya kwangu.

Tangu nianze kwenda kwa mnasihi, watu wawili ninaowapenda wameniuliza kwa sauti ya chini, "Kule ndani mnafanyaga nini?" Niliwajibu kwa kifupi, na kifupi hakikutosha. Naandika kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye ana namba ya mnasihi kwenye simu na bado hajaipiga.

Baba yangu alipata kiharusi, akakaa kitandani miaka mitatu. Dawa zake, nepi zake, posho ya kijana aliyemgeuza na kumwogesha, vyote vilitoka kwangu. Alifariki Septemba. Nilipanda basi stendi ya Magufuli kule Mbezi alfajiri hiyo hiyo, nikasimamia sanda, jeneza, chakula cha waombolezaji, kisomo, arobaini. Sikulia. Shangazi zangu walinishika mikono wakasema Mungu amenipa moyo wa kiume. Niliichukua kama sifa.

Kisha mwili ukaanza kusema. Saa nane za usiku moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Kichwa kizito, tumbo linawaka, chakula hakipiti. Nilifanya wanavyofanya watu wote hapa mjini: nilipima malaria, mara tatu. Nilipima taifodi. Nilipima presha. Nilikunywa dawa za vidonda vya tumbo kwa mwezi mzima. Siku moja kwenye zahanati, daktari kijana ambaye hakuwa na haraka aliniuliza, "Kuna jambo lolote limekutokea karibuni?" Nikasema hapana. Nikafikiri kidogo, nikaongeza, "Baba amefariki, lakini ni miezi mitatu sasa." Daktari akaweka kalamu chini. Hakuniandikia dawa. Aliniambia nitafute mtu wa ushauri nasaha.

Hapa niseme kitu kuhusu maneno hayo mawili, kwa sababu yalinichelewesha wiki kadhaa. Kwa watu wa rika langu, ushauri nasaha ni chumba unachoingia kabla ya kutolewa damu. Tulikua na mabango ya Angaza, vile vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, barabarani. Mwaka 2007 Rais Kikwete alipopima virusi vya UKIMWI hadharani, redio zote zilikuwa zinasema ushauri nasaha na kupima, kama neno moja. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume nilipomwambia naanza kwenda kwenye ushauri nasaha, alinyamaza, akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti iliyokatika, "Dada, umepima?" Nilimkumbatia. Nikamweleza kwamba ni mazungumzo tu, ya kichwa na moyo. Alipumua, lakini niliona hakuelewa kwa nini mtu alipie mazungumzo. Na neno lingine lililonitisha ni Mirembe. Ni hospitali ya Dodoma inayotibu watu, lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi, na nilihofia nikionekana kwenye geti la mtu wa saikolojia nitaitwa hivyo.

Mtu wa kwanza niliyemwendea hakunifaa. Simtaji, na sitaki atafutwe. Dakika kumi tu tangu nianze kueleza, alinikatiza akaniambia nimsamehe baba, nisali, nitafute mume, na kwamba kuna dada mwingine anakuja pale, anafanya kazi benki fulani, matatizo yake ni makubwa kuliko yangu. Nilitoka nikiwa nimepoa mikono. Sikuumizwa na ushauri wake. Huo ningeupata bure kwa mama mdogo pale Mbagala. Kilichoniumiza ni yule dada wa benki. Nilijua kwamba Jumatatu ijayo kwenye kochi lile lile nitakuwa mimi ndiye dada wa bandarini.

Kama ningeacha hapo ningesema kunasihiwa hakufai. Nashukuru mwenzangu wa ofisini alinishikilia. Yeye alikuwa ameshapitia, na mpaka siku ile sikujua. Alinipa namba ya mama mmoja anayefanyia kazi nyumbani kwake, upande wa Mikocheni, akanifundisha nimuulize nini kwenye simu kabla ya kufunga safari. Nikamuuliza: umesomea nini na wapi? Kuna mtu mzoefu anayekusimamia kitaaluma? Unatoza kiasi gani, na dakika ngapi? Nikishindwa kuja inakuwaje? Yaliyosemwa yanabaki wapi? Nilidhani atakasirika kuhojiwa na mtu mdogo kwake. Alijibu moja baada ya jingine kwa utulivu, kisha akasema na yeye ana swali moja: "Kuna wakati umefikiria kujidhuru?" Nilishtuka. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, nimeshika faili. Nikasema hapana, halafu nikasema sijui. Akasema, "Sawa. Tuonane Jumamosi hii, tusingoje ijayo."

Sasa nieleze siku ya kwanza, maana ndiyo watu huiogopa. Hakuna kitanda cha kulalia. Ni sebule ndogo yenye mlango wake wa nje, makochi mawili yanayotazamana kwa upande, saa ya ukutani, boksi la tishu, jagi la maji. Geti halina bango, na kati ya mteja mmoja na mwingine anaacha nusu saa ili tusipishane mlangoni. Nusu ya muda wetu siku hiyo ilikwenda kwenye karatasi. Kwanza fomu ya ridhaa, akaisoma nami mstari kwa mstari. Kila nitakachosema ni siri, isipokuwa mambo machache: maisha yangu yakiwa hatarini, maisha ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Kuhusu mtoto alinitajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwamba mwananchi yeyote mwenye taarifa ya aina hiyo anapaswa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, sembuse yeye. Nilipenda kwamba alinionyesha mwisho wa siri kabla sijaanza kumwaga yangu. Yule wa kwanza aliniambia, "Usijali, hapa ni siri," na hatimaye ikawa hivyo nilivyoeleza.

Kisha akanipa dodoso la maswali tisa, lile la PHQ-9, kwa Kiswahili. Linauliza katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu ya mambo, kukosa usingizi, kuchoka, kujiona umeshindwa, na mengineyo. Unajibu kuanzia hapana kabisa, ambayo ni sifuri, hadi karibu kila siku, ambayo ni tatu. Ukijumlisha, juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 14. Akanieleza kwamba kuanzia 10 hadi 14 ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ya kiwango cha kati, na kwamba namba ile ni kama kipimajoto: inaonyesha joto lipo, haisemi limetoka wapi. Mimi ni mtu wa hesabu, na namba ilinisaidia. Kabla ya hapo nilikuwa najiita mvivu.

Swali la tisa ndilo linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Niliandika siku kadhaa, mkono unatetemeka, maana nilikuwa nimesikia kwamba kwa Kanuni ya Adhabu kujaribu kujiua ni kosa, nikaona nitaitiwa polisi. Aliniona nimeshikilia kalamu. Akaniambia wazo si kosa, na kwamba kulisema ndiyo njia ya kulipunguzia nguvu. Hakuniogopa. Akauliza kama nina mpango wowote, nikasema sina, ni kutamani tu kulala nisiamke. Tukaandika pamoja majina matatu ya watu nitakaowapigia saa nane usiku hali ikizidi, na namba yake ikawa ya nne, na tukaandika hospitali nitakayoikimbilia kama hakuna atakayepokea. Karatasi ile bado iko kwenye pochi yangu. Kama na wewe una mawazo hayo usiku huu, usingojee miadi ya Jumamosi. Mwamshe mtu, akupeleke hospitali iliyo karibu.

Baada ya karatasi ndipo nikagundua kwamba sikujua nimekuja kufanya nini. Nilikwenda kwa mnasihi kama mtu anavyokwenda kwenye kikao cha ukoo. Kule unaweka shauri lako mkekani, wazee wanasikiliza, wanakohoa, mmoja anasimulia ya zamani, mwisho unapewa hukumu: rudi kwa mumeo, lipa hiki, omba radhi kwa fulani. Unaweza usiipende, lakini unaondoka nayo mkononi. Mimi niliweka shauri langu, nikamaliza, nikamtazama. Naye akanitazama. Nikangoja. Saa ya ukutani ikawa inasikika. Nikamuuliza, "Sasa mama, nifanyeje?" Akasema, "Wewe unapoliangalia, unaona nini?" Nilikasirika moyoni. Nikasema ningekuwa naona nisingekuja.

Kile kimya kilinitesa wiki nyingi, na ningependa aliyeanza jana ajue kwamba kipo na si ishara kwamba mnasihi amekosa la kusema. Sisi tumelelewa kwamba mtu akinyamaza mbele yako amekasirika au anakudharau, kwa hiyo unakimbilia kujaza. Mimi nilijaza na habari za wadogo zangu. Nilimweleza ada za chuo za mmoja, ndoa ya mwingine, sukari ya mama. Dakika hamsini zikaisha tukiwa tumezungumza watu sita, mimi simo. Kumi kabla ya mwisho alikuwa ananijulisha kila mara, "Tumebakiza dakika kumi," nami nilidhani ananifukuza. Baadaye nilielewa ni ili nisifungue jambo kubwa mlangoni, nikatoka nalo wazi barabarani.

Jambo jingine: hakuniita mwanangu. Mwanamke wa umri wake, mwenye hijabu kama ya mama yangu, akaniita kwa jina langu tu. Niliona kama ananiweka mbali. Wiki ya tatu nilimpelekea mfuko wa machungwa ya Tanga, mazito mpaka bajaji iliinama. Alishukuru, akayaweka mezani, kisha akauliza kwa upole, "Leo ungekuja mikono mitupu, ungejisikiaje?" Nikasema ningeona aibu. "Aibu ya nini, na umelipa?" Sikuwa na jibu. Ndipo akaniambia kwa nini haniiti mwanangu. "Nikikuita hivyo, wewe utaanza kunitunza. Nimeona unavyotunza watu."

Wiki ya tano, mwanzoni mwa Machi, umeme ulikatika. Wanaoijua Dar ya Machi wanajua chumba kisicho na pangaboi kinavyokuwa. Madirisha yakafunguliwa, sauti za nje zikaingia zote, muuza madafu anagonga panga lake, bajaji zinapita. Akaniuliza habari za tangu tuachane. Nikasema nzuri. Akakaa kimya, halafu akasema, "Hiyo nimekuuliza kama salamu. Sasa nakuuliza kama swali."

Nikafungua mdomo, nikasema, "Nzuri, ila," na haikuendelea. Ile ila ilinikaa kooni. Nililia kilio ambacho sikulia kwenye mazishi, cha kutoka tumboni, na sikujali tena kama jirani anasikia. Yeye hakuniambia nyamaza. Hakusema pole mara mia kama tunavyofanya kwenye misiba mpaka mfiwa anaacha kulia ili kuwapumzisha wanaompa pole. Alisogeza tishu, basi. Nilipopata sauti nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisema hata kwenye sala: kwamba simu ile ya alfajiri ilipoingia, ikaniambia baba amefariki, kitu cha kwanza nilichohisi ni mzigo kushuka. Nilishusha pumzi. Nikawaza kwamba mwisho wa mwezi mshahara utabaki. Ndipo nikajichukia, na kile nilichokuwa nakiita ujasiri msibani kilikuwa ni hofu kwamba nikilia Mungu atanidai unafiki.

Alisubiri. Kisha akasema kwamba watu wengi waliouguza kwa muda mrefu huhisi ahueni mgonjwa anapokwenda, na ahueni hiyo hukaa pamoja na huzuni kwenye moyo mmoja, haiiondoi. Alisema kama mtu anayeniambia mvua inanyesha upande gani wa mji. Ni maneno machache kuliko ya yeyote aliyenipa pole, na ndiyo niliyoondoka nayo.

Ningependa kusema kuanzia hapo nikapona. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Nilikuwa nalia kwenye mwendokasi, uso nimeugeuzia dirishani kuanzia Magomeni mpaka Ubungo. Nilimkosea mteja hesabu ofisini. Nikafikiri huyu mama ameniharibu. Nilipomwambia, alisema ilikuwa inatarajiwa, kidonda kilichofunika usaha kikifunguliwa huuma upya, na tukapunguza mwendo. Tukaacha kuzungumza juu ya baba kwa muda, tukafanya mambo ya mikono. Kitanda kiwe cha kulala tu, simu na hesabu za ofisi zitoke. Nikiamka saa nane nisigaegae, niinuke nikakae sebuleni mpaka usingizi urudi. Nikaanza daftari lenye safu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, na ushahidi. Kwa mfano: mdogo wangu hajapokea simu, nikajiambia amekasirika kwa sababu sijatuma hela, ushahidi, hakuna, yuko darasani. Ni kitu kidogo, lakini mhasibu anajua kwamba deni lisiloandikwa ndilo linalokua.

Nilijifunza pia nisiende moja kwa moja kazini au kwenye shughuli baada ya kutoka pale. Kuna mama ntilie karibu na kituo, nilikuwa nakaa kwake na chai ya rangi na chapati, nusu saa, siongei na mtu. Mwili huwa umechoka kama umefua mashuka ya nyumba nzima.

Kuhusu fedha niseme wazi, maana kila mtu huuliza na wachache hujibu. Nilionana naye mara 19 katika miezi tisa: nane za kwanza kila wiki, zilizobaki kwa nafasi zaidi. Jumla shilingi 1,140,000, bila nauli. Bima yangu ya kazini haikulipia. Nilijitoa kwenye mchezo mmoja wa kuchangiana fedha wa wanawake wa mtaani ili niweze, na wenzangu hawakufurahi. Ukighairi chini ya saa 24 unatozwa nusu. Nilipomwambia mwezi Aprili kwamba nashindwa kila wiki, hakushangaa, tukapanga upya. Kama hiyo ni nyingi kwako, na kwa wengi wetu ni nyingi, Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia kwa daktari wa karibu akupe rufaa. Ujue pia mnasihi haandiki dawa. Wangu aliniambia mapema kwamba namba ya lile dodoso ikipanda badala ya kushuka, ataniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, na hatutaita hiyo kushindwa. Kwangu haikufika huko. Ilishuka hadi 8, na mwisho 5.

Mama mdogo aliona naacha dini. Nilikwenda kwenye kisomo alichoniandalia, na nilikwenda Mikocheni. Mnasihi hakunitenganisha na sala zangu, aliniuliza tu, "Ukiwa kwenye msala unamwambia Mungu habari gani?" Nikagundua kwamba na huko nilikuwa nasema nzuri.

Lakini jambo ambalo ningemwambia kila anayeanza, hata kama sitamwambia lolote jingine, lilitokea mwezi wa tano. Nilikuwa namweleza kuhusu shule. Nilifaulu kidato cha nne, baba akasema hela hakuna. Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kiume alipofaulu, shamba la mkonge likauzwa. Nilikuja Dar nikajisomesha cheti cha uhasibu kwa kuuza maandazi asubuhi. Na ndiye huyo huyo baba niliyemlipia miaka mitatu. Nilikuwa nasema haya kwa hasira ya kweli, kwa mara ya kwanza, sauti imepanda. Akasema, "Nadhani alikupenda kwa namna yake."

Nikasema, "Ni kweli, mama." Nikachukua pochi yangu, nikaaga vizuri.

Maneno yale niliyasikia kwa shangazi wote watatu, kwa imamu, kwa jirani. Yaliniziba mdomo msibani, na sasa yamenifuata mpaka hapa ninapolipia. Miadi iliyofuata nilituma ujumbe kwamba nimepata dharura. Na iliyofuata. Nilikuwa nimeamua kutorudi, nikawa naandaa hata sababu nitakayompa mwenzangu wa ofisini. Kilichonirudisha ni siku moja kituoni Kimara Mwisho, jirani kaniuliza, "Siku hizi Jumamosi huonekani ukitoka, uko salama?" Nikasema salama tu. Nikasikia neno lilivyotoka. Nikajua kwamba nilimwambia "ni kweli, mama" kwa ulimi ule ule.

Kumwambia mtu mzima kwamba neno lake limekuumiza, sisi hatukufundishwa. Tumefundishwa kumeza, kisha kuhama. Nilikwenda, nikamwamkia, nikakaa, mapaja yanatetemeka, nikasema, "Nisamehe, ila mara ile ulisema baba alinipenda kwa namna yake. Iliniuma. Nilitaka mtu mmoja tu duniani aache kumtetea." Nilikuwa naangalia zulia. Nilitegemea anieleze alimaanisha nini.

Akasema, "Nilikosea. Uchungu wako ulikuwa mkubwa chumbani, nikaharakisha kukupoza. Asante kwa kurudi na kuniambia."

Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyewahi kuniambia nilikosea bila kuongeza lakini. Tulikaa kimya, na kimya kile hakikunitesa. Muda wetu wote siku hiyo tukautumia kwenye shamba la mkonge, lilikuwa na ukubwa gani, nani alilinunua, nilikuwa nimevaa nini siku ile, na hakuna aliyemtetea mtu. Mwezi ule ule mdogo wangu alipopiga kuomba mchango wa pikipiki nilimwambia hapana, mwezi huu situmi, na hela ninayo. Alinuna wiki mbili. Kisha akapiga kuniuliza hali.

Tulimaliza Novemba. Kumaliza nako kulikuwa na miadi yake, mitatu ya mwisho tulijua ni ya mwisho. Nilikwenda mikono mitupu.

Juzi mama alipiga kutoka Korogwe, jioni, saa ya kawaida. "Habari za huko, mwanangu?" Nikamwambia, "Nzuri, mama, ila nimechoka, na nimemkumbuka baba, na bado nina hasira naye." Nilijisikia nimevua nguo mbele yake. Kukawa kimya upande wa pili, nikasikia kuku wakiingia bandani na mtu anachota maji. Sikujaza. Mama akashusha pumzi, ndefu, akasema, "Mimi mpaka leo nikipika chai natoa vikombe viwili. Halafu nakasirika, nakirudisha kabatini kwa kishindo."

Nikamwambia aniambie zaidi. Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.